Wanyama wa Mitaani: Kazi ya Chama, Kazi ya Serikali, na Kazi Yetu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeumba kila kitambaacho na kila kirukacho, na Akajidhamini riziki yao wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote.

Ama baad. Katika darsa zetu hapa Nairobi, kwenye mitaa ya mashariki ya mji iitwayo Eastlands, limeulizwa suala ambalo kwa sura yake ni dogo, lakini ndani yake mna uhai wa watu na hukumu za dini. Suala lenyewe ni hili: mbwa wasio na wenyewe wamezidi katika mitaa. Wako watu wasemao, na watiliwe sumu wote tupumzike. Wako wengine, khasa vijana wetu wa shule, wasemao kuwa kuna vyama vya kuwahurumia wanyama, basi na viitwe. Wakubwa huwacheka, wakisema kuwa hayo ni mambo ya Wazungu wasio na kazi. Na wa tatu husema, hii ni kazi ya serikali ya kaunti, sisi inatuhusu nini? Tumeulizwa, ni nani katika hawa aliye katika haki, na dini inasemaje?

Tumeona tuliandike jawabu lake katika jarida hili, ili lisomwe na ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu pia, kwani jambo hili si la Nairobi peke yake. Wengi wenu mna jamaa Pumwani, katika ule mtaa uliokatwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ambamo wazee wetu wa Kiislamu walijenga nyumba za Kiswahili na misikiti yao. Wengine wako Eastleigh, Kaloleni, Shauri Moyo, Bahati, Umoja na Kayole. Humo watu wamesongamana, na taka nazo zimesongamana. Lile jaa kubwa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975, liko katika mitaa hii hii. Na palipo na taka pana panya, na paka, na mbwa.

Kabla ya kutoa hukumu juu ya kitu, yapasa kukijua. Wengi wetu tunachanganya vitu viwili vilivyo mbali mbali: chama cha kuwahurumia wanyama, na idara ya serikali iliyowekwa kuwadhibiti wanyama. Mtu huenda kwa chama akataka kiue, kisha akakilaumu kwa kuwa hakikuua. Au hungoja serikali imtibu punda wa jirani aliyechubuka mgongo, na punda huyo akafa naye angali anangoja. Basi na tuvieleze kimoja kimoja.

Chama asili yake ni watu waliojikusanya kwa hiari yao. Kilicho maarufu zaidi katika nchi yetu ni kile cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kijulikanacho kwa herufi za KSPCA. Chanzo chake ni mwaka 1910, katika siku za walowezi, na makao yake hivi leo yako upande wa Karen, mwisho mwingine wa mji kwa mtu atokaye Kayole. Baada yake vimezuka vingine, kama ANAW kilichoanzishwa mwaka 2006. Vyama hivi hula kwa sadaka za watu. Kazi yao ni kumwangalia mnyama mwenyewe: kumwokoa aliyetumbukia shimoni, kumtibu mgonjwa, kumhasi mbwa au paka ili asizae ovyo, kumtafutia makazi asiye na mwenyewe, na kuwafundisha watu. Lakini chama hakitungi sheria wala hakihukumu. Mtu akifanya ukatili, chama humpelekea khabari polisi, na anayemhukumu ni hakimu wa serikali kwa Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Ama idara ya serikali, asili yake ni sheria. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya kuwadhibiti wanyama na kuangalia hali zao, pamoja na kutoa leseni za mbwa, na kuweka mahali pa kuwahifadhi wanyama, kuwatunza na kuwazika. Nairobi nayo ilitunga sheria yake juu ya mbwa mwaka 2015. Na kabla ya hizo iko Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inayowapa wakuu nguvu juu ya mbwa wazururao pale unapozuka ugonjwa. Idara hula kwa kodi zetu. Na anayelindwa kwanza na idara ni mwanadamu: asiumwe, asiambukizwe, na njia yake isizibwe.

Basi tofauti ni hizi. Chama huanza kwa mnyama, na idara huanza kwa mtu. Chama hushika kwa huruma, na idara hushika kwa amri. Chama kikishindwa, husema mali yetu imekwisha, na hatuna la kukidai zaidi ya kukisaidia. Idara ikishindwa, tuna haki ya kuiuliza, kwani ni amana iliyopewa, na mali inayotumia ni yetu.

Lakini angalieni, ndugu zangu, neno moja lililo katika ile Katiba. Haikusema kuwadhibiti wanyama ikanyamaza. Imesema kuwadhibiti na kuangalia hali zao, mambo mawili katika mstari mmoja. Maana yake ni kuwa idara haikuruhusiwa kuiacha huruma ikasema hiyo ni kazi ya chama. Na hili ndilo hasa lililomo katika dini yetu tangu zamani, kabla ya Katiba na kabla ya walowezi.

Imepokewa na Imam Bukhari kwa Abu Hurayra (Mwenyezi Mungu amuwie radhi) kuwa Mtume (S.A.W.) alitoa khabari za mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akateremka kisimani akanywa, kisha akaona mbwa anahema na kula mchanga wenye unyevu kwa kiu. Akarudi kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakiuma kwa meno ili apate kupanda, akamnywesha yule mbwa. Mwenyezi Mungu akamshukuru na kumghufiria. Masahaba wakauliza kama wana thawabu hata kwa wanyama, na Mtume akawajibu kuwa katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, mna thawabu. Na imepokewa kwa Ibn Umar khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfunga, wala hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Huo ndio mlango wa huruma, na ndani yake ndimo viingiamo vyama.

Na amepokea Bibi Aisha (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) aliwataja wanyama watano wenye madhara ambao huuawa hata ndani ya Haram ya Makka, na mmoja wao ni mbwa aumaye. Huo ndio mlango wa kulinda watu, na ndani yake ndimo iingiamo serikali.

Tazameni vizuri. Aliyetajwa hapa si kila mbwa, bali ni mbwa aumaye. Na katika Sahih Muslim, kwa Abdallah bin Mughaffal, mna khabari kuwa Mtume (S.A.W.) aliamrisha mbwa wauawe, kisha akauliza watu wana nini na mbwa, akaruhusu mbwa wa kuwindia na wa kuchungia. Imam Nawawi, naye ni katika nguzo za madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza katika sharhe yake kuwa wanavyuoni wameafikiana juu ya kumuua mbwa mwenye kichaa na mbwa mkali aumaye, lakini asiye na madhara haiwi hivyo, na akataja kauli kuwa ile amri ya kwanza iliondolewa na kuwaua wasio na madhara kukakatazwa. Basi yule asemaye watiliwe sumu wote, na aonyeshe dalili yake.

Huenda mtu akasema: Sheikh, mbwa ni najisi. Jawabu: ndiyo, na chombo alichotia ulimi huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Lakini aliyetupokelea hadithi ya kuosha mara saba ni Abu Hurayra, naye ndiye aliyetupokelea hadithi ya mbwa mwenye kiu. Amezipokea zote mbili, wala hakuona kuwa moja inaivunja nyingine. Unajisi ni hukumu ya nguo yako na chombo chako. Haikuwa ruhusa ya kumtesa aliyeumbwa na Mola wako. Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Suratul An'am kuwa wanyama ni umma mfano wetu, na katika Suratul Kahf Amemtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni pamoja nao.

Huenda mwingine akasema: na anayestahiki kuuawa, je, si yote mamoja auawe vipi? Jawabu: si mamoja. Katika Sahih Muslim, kwa Shaddad bin Aws, Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja. Nyama yenye sumu itupwayo vichochoroni usiku humuua mnyama kwa uchungu na kutapatapa, na haichagui. Atakayeila ni mbwa aumaye na asiyeuma, na paka wa bibi kizee, na mbuzi wa jirani, na huenda ikaokotwa na mtoto anayecheza pale. Kisha, kuua kwa ajili ya salama ya watu ni kazi ya mwenye mamlaka. Si ya kijana mwenye chupa ya dawa ya panya. Mwenye mamlaka naye yampasa kuifanya kwa mkono wa daktari wa mifugo, kwa njia isiyotesa, baada ya kuhakikisha haja.

Na asidhani mtu kuwa kusimamia hali za wanyama kwa nguvu ya dola ni uzushi wa siku hizi. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 wa Hijra, katika kitabu chake cha hukumu za utawala, ameeleza kazi za muhtasib, yule msimamizi wa masoko na njia. Miongoni mwake ni kuwazuia wenye wanyama wasiwabebeshe wasiyoyaweza. Naye Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, amezihisabu haki za mnyama juu ya mwanadamu: amlishe hata akizeeka au akiugua asiwe na faida tena, asimtwike kupita nguvu zake, asimchanganye na atakayemdhuru, na asimchinje mtoto wake mbele ya macho yake. Haya yalikuwamo vitabuni mwetu kabla hakijaundwa chama chochote London. Na lau tungeyafanya, tusingengoja kufunzwa.

Mwaka ule ule wa 1910, ambao hapa Nairobi watu wachache walikusanyika kwa ajili ya wanyama, katika mji wa Istanbul wakuu wa mji waliwakamata mbwa wa mitaani, maelfu kwa maelfu, wakawatupa katika kisiwa kikavu kisicho maji wala chakula, wakafa kwa njaa na kiu. Huo ulikuwa mji wa Waislamu, ambao watu wake kwa karne nyingi walikuwa wakiwalisha mbwa na paka kwa sadaka na wakfu. Hivyo ndivyo yawavyo mamlaka yakitengana na huruma. Lakini huruma nayo ikikosa mamlaka haimlindi mtoto aendaye chuoni alfajiri na kundi la mbwa limemzingira.

Sasa tufike kwenye lililo zito kuliko yote, nalo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa katika nchi hii mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa pembezoni mwa Nairobi hii hii. Duniani hukadiriwa kuwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Wengi katika wanaokufa ni watoto. Viini vyake huwa katika mate, huingia kwa jeraha, na huweza kukaa mwilini wiki nyingi au miezi bila ya alama. Alama zikishadhihiri, mgonjwa ni nadra mno kupona. Lakini kabla ya hapo una kinga ya hakika: jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika kumi na tano, kisha mtu apelekwe hospitali siku ile ile apigwe sindano za kinga, na azimalize zote kama alivyoagizwa na daktari.

Na hapa, ndugu zangu, tunasema kwa uchungu. Wako miongoni mwetu ambao mtoto wao akiumwa, hupelekwa kwa mganga akaandikiwa kombe, akafungwa hirizi, akapakwa majivu na manyoya ya mbwa yule yule. Jeraha hufunga, watu wakasema mganga ameweza. Baada ya miezi miwili mtoto huogopa maji, na wiki haipiti huwa kaburini. Kisha husemwa, ni kadari. Kadari ni haki, lakini aliyeamrisha kutafuta dawa ni Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Kumwombea mtoto dua ni sunna, na kumwosha jeraha na kumpeleka hospitali ni wajibu. Asiwanyang'anye mtu watoto wenu kwa kisingizio cha dini.

Mkitaka mfano wa kazi hii ikifanywa vizuri, msiende mbali. Tazameni Pemba, kisiwa cha Waislamu. Huko waliendesha kampeni za kuwachanja mbwa tangu mwaka 2010, na kufikia mwaka 2014 kichaa cha mbwa kikakatika. Mwaka 2016 ugonjwa ukaletwa tena kutoka nje ya kisiwa, ukaenea. Wakarudi kuchanja, na mwaka 2018 ukakatika tena. Kilichowaokoa ni chanjo iliyomfikia mbwa mwenyewe. Serikali ya Kenya nayo, katika mpango wake ulioanza mwaka 2014, imekusudia vifo vya watu kwa ugonjwa huu vikome ifikapo mwaka 2030, kwa kuchanja mbwa wasiopungua 70 katika kila 100 kila mwaka, miaka mitatu mfululizo. Katika jambo hili chama na idara hukutana: idara ina amri na madaktari, na chama kina watu wenye moyo na mikono ya kumshika mbwa bila ya kumwumiza. Mbwa aliyechanjwa huwa salama kwa nafsi yake na kwa mtoto wako. Ama kuua ovyo, mahali pa mbwa waliokufa huja wengine wasiochanjwa, madamu taka zipo.

Basi tukiulizwa, tubishe mlango upi? Mbwa anayeuma watu, au mwenye alama za kichaa, mlango wake ni idara ya mifugo ya kaunti, kwa haraka, na raia asimkaribie. Mtu aliyeumwa, mlango wake ni hospitali. Punda wa mkokoteni anayepigwa kwa rungu na kuvuta kwa donda wazi, milango yake ni polisi na chama. Mnyama asiye na mwenyewe ambaye hamdhuru mtu, ila ni mgonjwa au anazaa ovyo, mlango wake ni chama. Na kaunti isipoitika, wazee wa mtaa na kamati ya msikiti waandike barua, waende kwa diwani wao, waulize chanjo ya mbwa itakuja lini. Kudai haki kwa adabu ni katika kuamrishana mema.

Lakini kuna mlango wa tatu ambao si wa chama wala si wa kaunti, nao ni mlango wa nyumba zetu. Nani anayetupa matumbo ya kuku kichochoroni? Nani anayeacha damu na ngozi wazi baada ya kuchinja Idi ya mfungo tatu, kisha akalalamika kuwa mbwa wamezidi? Nani anayebeba kuku kumi kichwa chini kutoka sokoni, na mbuzi juu ya gari amefungwa miguu minne kutwa nzima juani, kisha akataka kuchinja kwa sunna? Sunna haianzi kwenye kisu. Na nyinyi ndugu zetu wa Lamu, mnaijua zahanati ya punda iliyofunguliwa kwenu mwaka 1987 na chama kilichotoka Uingereza. Wametenda jema, na anayetenda jema hushukuriwa. Lakini punda ni wetu, mizigo ni yetu, na hadithi ni zetu. Je, haituelekei kuona haya kuwa donda la mgongoni mwa punda wetu likafungwa na sadaka za watu wa mbali, na sisi tupo?

Kazi hii katika fiqhi huitwa faradhi ya kutoshelezana. Wakisimama baadhi wakaitimiza, wengine husalimika. Wasiposimama, dhambi ni ya wote. Wala haisemwi kuwa serikali ipo, au kuwa Wazungu wapo. Kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga.

Ewe Mola wetu, tupe nyoyo zenye huruma kwa viumbe Vyako, na wape watawala wetu uadilifu katika amana waliyopewa. Wakinge watoto wetu na maradhi na ujinga. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.